Kisanduku cha Madam

Ijumaa ile simu iliita mapema kuliko kawaida.

Kila Ijumaa, siku ya mapumziko mjini Doha, Nasimiyu na kaka yake Tony walizungumza na bibi yao aliyeishi kijijini, upande wa Bungoma, Kenya. Walimwita Kukhu. Baba aliweka simu katikati ya meza, sauti ikafunguliwa hadi mwisho, nao wakasogeza viti. Kukhu aliuliza habari za masomo, kisha habari za mvua, ingawa alijua vizuri kwamba Doha mvua ni mgeni. Mwisho aliuliza lile swali lake: "Na yule Madam wenu amekula?"

Madam alikuwa nyoka. Hakuwa na sumu. Rangi yake ilikuwa ya chungwa, na tumbo lake lilikuwa na mabaka meusi na meupe kama gunzi la mahindi ya rangi mbili; ndiyo maana aina yake huitwa nyoka wa mahindi. Familia moja ambayo Mama aliwahi kuifanyia kazi ilipohama nchi, ilimwachia Tony nyoka huyo pamoja na nyumba yake ya kioo. Tony ndiye aliyempa jina. Mama alicheka akatikisa kichwa. "Nimeacha kazi za nyumbani ili nisiamrishwe tena na madamu," alisema, "sasa mwanangu ameniletea mwingine ndani ya nyumba yangu mwenyewe!"

Lakini Ijumaa ile haikuwa sauti ya Kukhu. Ilikuwa ya Baba Mdogo Mike. Baba alisikiliza akiwa amesimama, kisha akazima simu na kuketi polepole.

"Kukhu hakuamka leo," akasema.

Nasimiyu alikitazama kiti chake, ambacho alikuwa ameshakisogeza karibu na simu.

Jioni hiyohiyo Baba na Tony walijiandaa kusafiri kwenda kumzika. Mama hakupata ruhusa katika hoteli alikofanya kazi, kule West Bay, na Nasimiyu alikuwa na mitihani. Kabla ya kutoka, Tony alimwita dada yake kwenye nyumba ya Madam.

"Sikiliza vizuri. Madam amejivua gamba. Siku chache zijazo atataga."

"Bila dume?"

"Kuku hawatagi bila jogoo? Mayai hayataanguliwa, lakini lazima yatoke." Tony alionyesha kisanduku cha plastiki cha buluu kilichokuwa ndani ya kioo. Kifuniko chake kilikatwa tundu la mviringo, na ndani mlikuwa na makumbi ya nazi yaliyoloweshwa. "Humu ndimo atakamotagia. Akikosa mahali penye giza na unyevunyevu, atayazuia mayai tumboni, na anaweza kufa. Nyunyiza maji kila siku. Usikiondoe."

"Sitakiondoa," Nasimiyu akasema.

Kuanzia kesho yake, Wakenya waliokaa Al Thumama, mtaa wao wa Doha, na mitaa ya jirani walianza kufika kutoa pole. Ndiyo desturi yao wakiwa ugenini: anayefiwa nyumbani, wenzake humletea matanga mlangoni. Kila jioni walikuja, wakaimba, wakaomba, wakanywa chai. Mama alimwambia Nasimiyu amsogeze Madam chumbani ili wageni wasishtuke. Hilo halikuwa kosa.

Kosa lilitokana na mandazi.

Jioni ya kwanza sahani zote zilijaa wali, kwa hiyo Nasimiyu alipeleka mandazi sebuleni ndani ya sufuria aliyokaangia. Damaris, ambaye walisoma darasa moja, alikuwa amekuja na mama yake, Anti Peninah.

"Ee, mandazi kwenye sufuria nyeusi!" Damaris alinong'ona, lakini kwa namna ya kusikika. "Kwenu hamna hata kabakuli?"

Wasichana wengine wakacheka. Nasimiyu alihisi masikio yakimchoma.

Siku iliyofuata wageni walipokaribia kufika, alizunguka jikoni akitafuta chombo kizuri. Hakukipata. Ndipo alipokikumbuka kile kisanduku cha buluu. Aliingia chumbani, akakitoa, akamwaga makumbi kwenye mfuko wa taka. Alikisugua kwa sabuni na maji ya moto, akatandika kitambaa cheupe ndani, akapanga mandazi. Kifuniko chenye tundu alikificha chini ya kitanda.

"Usiku nitakirudisha," alijiambia.

Anti Peninah, mama mnene mwenye sauti ya kuongoza nyimbo, ndiye aliyesifu kwa nguvu zaidi. "Haya mandazi ni laini! Na chombo chenyewe kinapendeza. Damaris, umeona wenzako wanavyokaribisha watu?"

Nasimiyu akatabasamu. Usiku hakukirudisha kisanduku, kwa sababu kesho yake wageni wangekuja tena.

Chumbani Madam hakutulia. Alizunguka nyumba yake mchana na usiku, akisukuma pua kwenye pembe za kioo kana kwamba anatafuta mlango. Asubuhi moja Nasimiyu alikuta mayai machache juu ya karatasi kavu, marefu na meupe. Aliyafunga kwenye gazeti akayatupa. Alipomtazama Madam aliona uvimbe mwingine bado umejipanga karibu na mkia, kama shanga chini ya ngozi.

Tony alipiga simu kutoka Bungoma. Nyuma yake zilisikika sauti za watu wengi. "Tumeshamzika Kukhu," akasema. Kisha akauliza, "Madam ametaga?"

"Bado."

"Kisanduku kina unyevu?"

Nasimiyu alikitazama kisanduku. Kilikuwa juu ya friji, kimejaa mandazi. "Kina," akasema.

Siku mbili baadaye Mama aliingia chumbani kuchukua shuka, akamkuta Madam amelala amenyooka, hana nguvu hata ya kujikunja. "Nasimiyu! Huyu ni mgonjwa. Nitamwambia nini Tony, ambaye ametoka kumzika bibi yake?"

Anti Peninah ndiye aliyekuwa na gari. Alikubali kuwapeleka kwa daktari wa wanyama, ingawa aliendesha akiwa ameegemea mlango wake, mbali na ndoo iliyofunikwa ambayo Nasimiyu aliishika kwenye kiti cha nyuma.

"Mama Tony, hicho kitu kikitoka humo, gari nakuachia wewe," alisema.

"Hana nguvu ya kutoka, dada yangu," Mama akajibu. Nasimiyu akaishika ndoo kwa nguvu zaidi.

Daktari, mzee kutoka Sudan, alimpapasa Madam taratibu, akampiga picha ya eksirei. Aliwaonyesha picha: mayai mengi bado yalikuwa ndani.

"Alikuwa na mahali pa kutagia?" aliuliza kwa Kiingereza cha polepole.

Mama akamgeukia bintiye. Anti Peninah naye akamtazama.

"Ndiyo," Nasimiyu akasema. "Kisanduku kilikuwepo."

Daktari akakunja uso. "Kama alikuwa nacho na bado ameshindwa, basi huenda kuna kitu kimeziba ndani. Itabidi nimpasue leo. Amedhoofika. Siwaahidi kwamba ataamka."

"Hakuamka." Neno hilo Nasimiyu alikuwa amelisikia Ijumaa ile, mezani. Akilini alimwona Tony akishuka kwenye ndege. Aliona nyumba ya kioo ikiwa tupu.

"Si kweli," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo mno, daktari akainama kumsikiliza. "Hakuwa nacho. Nilikichukua. Nilikitumia kuwawekea wageni mandazi."

Mama alifunika mdomo kwa mkono. Anti Peninah alikodoa macho, kisha akashika tumbo.

"Yale mandazi? Kile chombo cha buluu?"

"Ndiyo, Anti."

"Nilichokisifu mbele ya watu wote?"

Nasimiyu aliinamisha kichwa. Alitamani ndoo ile ingekuwa kubwa ya kumtosha na yeye.

Daktari hakucheka wala hakukaripia. "Umenisaidia," alisema. "Sasa sitaanza na kisu. Nitampa joto, giza na kisanduku chenye unyevunyevu, na hatasumbuliwa na mtu. Lakini sikia jambo la pili. Nyoka hubeba viini vya kuharisha hata akiwa mzima. Chombo chake kisikutane na chakula hata ukikisugua namna gani. Na ukimshika, osha mikono kwa sabuni."

Madam alilala pale kliniki. Akiwa ndani ya kisanduku alichopewa, alitaga mayai yote isipokuwa moja lililogoma. Daktari alilitoboa kwa sindano, akavuta maji yake mpaka likasinyaa na kutoka.

Waliporudi kumchukua, Mama alimketisha Nasimiyu kwenye benchi la nje. Anti Peninah alisimama kando akizungusha ufunguo wa gari.

"Sijakasirika kwa sababu ya kisanduku tu," Mama alisema. "Uliona haya kuchekwa kwa sababu ya sufuria, nami ningeweza kuomba vyombo kwa jirani ungeniambia. Lakini uliulizwa na kaka yako, ukadanganya. Uliulizwa na daktari, ukadanganya. Mnyama hawezi kusema kinachomuuma, mwanangu. Anayemtunza ndiye mdomo wake. Mdomo huo ukisema uongo, hata daktari mwenye ujuzi atapasua mahali pasipostahili."

"Nisamehe, Mama."

"Mimi nimekusamehe. Wako wengine waliokula mandazi."

Jioni ya mwisho ya maombi Nasimiyu alisimama mbele ya wageni wote akasema alichofanya. Mtu mmoja aliweka kikombe chini. Mwingine alitoka nje. Damaris alifungua mdomo, lakini mama yake akamwahi.

"Wewe nyamaza. Ulicheka sufuria, na sufuria ndiyo iliyokuwa safi." Kisha Anti Peninah akamgeukia Nasimiyu. "Nimekula, na bado niko hai. Ila kuanzia leo mandazi yenu nitayala kwenye sufuria ileile nyeusi."

Baadhi yao walicheka. Nasimiyu hakucheka. Alikwenda jikoni kuosha vikombe, na alikaa huko mpaka mgeni wa mwisho alipoondoka.

Tony aliporudi, Nasimiyu alimweleza yote kabla hajafungua begi lake. Tony alikwenda mbele ya kioo, akamtazama Madam. Kisha akampa dada yake chupa ya kunyunyizia maji.

Siku hizi Nasimiyu ndiye anayemtunza Madam. Kila Ijumaa hutazama kama makumbi yana unyevu, akaosha mikono, kisha akaketi mezani. Simu haiiti, na hakuna anayeuliza kama Madam amekula.