Wezi Ndani ya Tangi

Hidrojeni iliibwa Bombambili, na kufuli halikuguswa.

Tangi lilisimama uani, zito, likinuka kwa heshima zote za maji machafu ya kilabu cha pombe ya komoni. Ndani yake bakteria wasiotaka hewa waliyageuza maji hayo kuwa hidrojeni. Tangu Jumatatu mita ya hidrojeni ilisoma sifuri, na mlinzi aitwaye Jumanne alikuwa mahabusu siku ya pili.

"Anampelekea mkewe gesi," alisema mhandisi Ramson. "Mwizi nimekukabidhi, Inspekta. Mpeleke mahakamani!"

"Aliibeba kwa ndoo au kwa kikapu?" aliuliza Inspekta Fausta.

Ramson alinuna. Fausta akafungua bomba, akawasha kiberiti. Ukatokea mwali wa bluu.

"Gesi si hii hapa?"

Ramson alikodoa macho. "Hiyo ni methani! Mwali wa hidrojeni hauonekani hivyo. Wapo bakteria wanaokula hidrojeni na kutoa methani. Ndiyo maana tope la kinyesi la kuanzishia tangi huchemshwa saa nzima. Hao hufa, wetu hustahimili."

"Basi wezi wamo humo ndani, wameshiba. Nani huchemsha?"

"Mzee Dionis."

Fausta aliinama penye jiko la kuchemshia. Ndani ya sufuria buibui alikuwa amejenga, tena kwa raha, kama mwenye hati ya kiwanja.

Dionis aliitwa kituoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Tope la wiki hii ulilichemsha?"

"Nililichemsha."

"Pamoja na buibui?"

Dionis alijitazama mikono.

"Saa nane mlinzi Jumanne anapanda kizimbani, mzee."

"Nililimwaga bichi," alisema Dionis. "Kusudi."

"Kwa nini?"

"Watu walikuja kumposa binti yangu. Nikawanawisha, nikawamegea ugali kwa mkono wangu. Ramson, niliyemwalika mwenyewe, akapaza sauti: 'Angalieni, mikono hiyo inapika kinyesi!' Wakanawa upya, wakaaga. Hawajarudi. Binti hanisemeshi. Nikasema, na Ramson akose anachokipenda."

Jumanne alitolewa mahabusu, viatu mkononi. Alipoambiwa yaliyotokea, alimgeukia Dionis.

"Mzee, siku mbili nalala sakafuni, na wewe unajua! Mimi nilikukosea nini?"

Dionis alimpa askari mikono ifungwe pingu. Hakumwonea Jumanne haya wala huruma.

"Siku ile na wewe ulikuwepo," alisema. "Ulicheka."