Tela Lililovuta Nyuma

Siku ambayo Spana alitoka nyumbani asirudi ilianza kwa mabishano juu ya tela.

Alikuwa fundi pikipiki. Tela alilinunua kwa mtu aliyekuwa akilitumia kubebea kokoto, dogo, lenye ekseli moja. Pikipiki mbili zilienea. Ya tatu haikuenea, na mteja ng'ambo ya uwanda wa chumvi alizitaka zote tatu. Mdogo wake wa kike, mchomeleaji wa vyuma, alitaka kurefusha sakafu upande wa mbele. Spana akakataa, akasema gari litashindwa kukata kona. Ikarefushwa nyuma.

Walipokwisha kuzifunga pikipiki kwa mikanda, Spana aliunyanyua mkono wa tela, ule unaofungwa kwenye gari, kwa vidole viwili.

"Ona. Jepesi kama kikapu."

"Ndiyo ubaya wake, kaka. Uzito wote uko nyuma. Mkia ndio utakaoendesha gari."

"Wewe choma vyuma. Gari niachie mimi." Akamfinya shavu kama mtoto, naye akampiga kofi la mkononi, wakacheka, wakaondoka.

Uwandani hapakuwa na barabara, ila alama za matairi juu ya udongo mweupe uliopasuka. Hapakuwa na mti wala ndege. Upepo ulivuma kutoka ubavuni. Mahali njia ilipoteremka, Spana aliongeza mwendo, na tela likaanza kuyumba. Kwanza polepole, kama mtu anayetikisa kichwa. Kisha likalivuta gari kushoto, likalirusha kulia.

"Usikanyage breki," mdogo wake alisema.

Mguu ulikuwa umeshakanyaga.

Mdogo wake alipofungua macho, gari lilikuwa limelala juu chini na maji ya rejeta yakinywewa na chumvi. Alitambaa nje. Kaka yake alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye mlango, mikono tumboni. Hakutoka damu hata tone. Mdogo wake aligusa tumbo lile, akalikuta gumu kama ubao.

"Maji yako wapi?" Spana aliuliza.

"Chupa moja imepona."

"Kunywa wewe. Mimi nikinywa natapika."

Simu hazikushika. Nyumbani kulikuwa mbali kuliko lami iliyopita chini ya kilima cha mbele. Spana hakuweza kutembea, na la kumwacha hakuna aliyekubali kulitaja. Zikabaki pikipiki. Mbili zilikuwa zimepinda uma wa tairi la mbele. Ya tatu ilikuwa nzima, lakini matangi yote yalikaushwa kabla ya safari, dumu la petroli lilikuwa limepasuka, na gari lilitumia dizeli.

"Hayakauki kabisa," Spana alisema, macho amefumba. "Huwa inabaki upande usio na bomba. Zilaze moja moja."

Akazilaza. Kila tangi likatoa kidogo, akakinga kwa kifuniko cha taa, akamimina katika ile nzima. Kisha akalisimamisha tela, akafungua mbao za ubavuni kulipunguza uzito, akaufunga mkono wa tela kwa mikanda kwenye keria ya pikipiki. Jua lilikuwa limeanza kuinama, na midomo ya kaka yake imekuwa rangi ya majivu.

Alimburuta hadi kwenye tela. Spana alipiga kelele mara moja tu.

"Nilaze mbele," alisema. "Kichwa kwenye mkono wa tela. Safari hii nakusikiliza."

Pikipiki ilikohoa, ikawaka. Aliendesha kwa gia ya kwanza, akigeuka kila mara. Tela lilifuata limenyooka, halikuyumba hata kidogo.

"Kaka?"

"Nipo."

Akiuliza, anajibiwa. Chumvi ikawa mchanga, mchanga ukawa mawe. Kilima kilikuwa palepale.

"Kaka?"

"Linakwenda vizuri, tela lako."

Mafuta yaliisha kabla ya mteremko wa mwisho. Alilifungua tela, akaingia katikati ya mikanda, akavuta kwa mabega. Aliuliza tena. Hakugeuka kutazama, kwa sababu mtu anayegeuka anasimama, na akisimama hangeweza kulianzisha tena. Akavuta mpaka nyayo zake zikagusa lami.

Dereva wa lori la maji alisimama. Alishuka, akainama juu ya tela, kisha akavua kofia.

"Dada, huyu ni nani wako?"

"Kaka yangu. Ana kiu. Mpe maji kwanza."

Dereva hakumbishia. Alileta maji kwenye kikombe, akamshika mkono yeye, akamnywesha yeye.

Siku hizi mjane wa Spana anaingia kazini mchana. Gereji ya Spana, anayoiendesha mdogo wake sasa, inafungwa mapema, kwa sababu kuna watoto watatu wa kuchukuliwa shuleni na shangazi yao ndiye pekee wa kwenda.