Neno Alilolisikia Kristiana

Kila siku masomo yalipokwisha, Kristiana alikwenda kumsubiri mama yake kazini. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita. Mama yake, Bertilla, alikuwa opereta wa simu katika kampuni moja ya kusafirisha nafaka na mifugo mjini Sumbawanga. Simu zote za ofisi zilipitia mezani kwake, kwenye swichibodi yenye safu ya taa ndogo. Taa ya kijani ilionyesha laini iko wazi, nyekundu ilionyesha mtu anaongea. Ikipepesa, kuna anayesubiri.

"Subiri kidogo, ndugu, nakuunganisha na stoo," mama alisema, huku kidole kikibonyeza kitufe cha kusubirisha, kisha cha kuhamisha. Mara mtu aliyepiga kutoka Muze alikuwa anaongea na mtu wa stoo.

Kitufe kimoja cha pembeni kilikuwa na kifuniko cha plastiki. "Hicho kinaniingiza katikati ya mazungumzo ya watu," mama alimweleza siku moja. "Ni cha dharura tu. Nikikibonyeza, wanaoongea wanasikia mlio, wajue kuna mtu wa tatu."

Jumanne moja mama alitoka kidogo kupeleka barua chumba cha pili. Taa ya meneja ilikuwa nyekundu. Kristiana alitazama mlangoni, akainua mkonga wa simu, akafunua kile kifuniko na kubonyeza.

Mlio mkali ulipita sikioni mwake, lakini meneja, Bwana Adolfu, alikuwa katikati ya sentensi na hakunyamaza. "... Mayunga kawachukua wale ng'ombe alfajiri. Wako zizini kwake. Tutawapakia kesho jioni." Kisha sauti ikabadilika. "Mama Kristiana, kuna nini?"

Kristiana aliurudisha mkonga haraka. Mama alikuwa ndiyo kwanza anakaa, meneja akatokea.

"Mbona umeingilia simu yangu?"

"Sijaingilia, meneja."

"Mlio nimeusikia kwa masikio yangu! Kesho uniletee maelezo kwa maandishi."

Alipoondoka, mama alimgeukia binti yake. "Kristiana, umegusa hapa?"

"Hapana, mama," alijibu, macho kwenye daftari.

Asubuhi iliyofuata Timoth, aliyekaa dawati la nyuma yake, alifika shuleni macho yamemvimba. Maksai wanne wa baba yake, Mzee Wilibrodi, walikuwa wamepotea tangu Jumapili, na mvua za kulimia zilikwishaanza.

Kristiana alitaka aonekane anajua mambo. "Mimi najua walipo," alimnong'oneza. "Nimesikia kwenye simu ya ofisini. Kawaiba Mayunga, baba yake Scola. Wako zizini kwake, na leo jioni wanapakiwa."

Scola alisoma darasa hilohilo. Familia yake ilikuwa imehamia kutoka Shinyanga na mifugo yao, wakajenga pembeni mwa mji. Siku hiyo hakuja shule, na Kristiana aliona hilo ni ushahidi mwingine. Wakati wa mapumziko Timoth alitoroka kwenda kumwambia baba yake.

Saa nane mchana, Kristiana akitoka shuleni, alisikia kelele. Wanaume zaidi ya thelathini walipita mbio na fimbo, mapanga na mawe. Mbele yao alikuwa Mzee Wilibrodi, ameshika mpini wa jembe. "Mwizi! Mwizi!" walipiga kelele. Kristiana aliwafuata.

Mayunga alikuwa anawapa ng'ombe maji. Aliinua mikono. "Ndugu zangu, kuna nini? Semeni!" Mpini ulimpiga begani, akaanguka juu ya ndoo. Fimbo zikashuka mgongoni, kichwani, mikononi. Kristiana alisikia mfupa ukivunjika, mlio mkavu kama wa kuni. Mtu akawasha nyasi za paa la nyumba. Scola alitoka ndani akikohoa moshi, akamlalia baba yake ili wasimpige. Jiwe likampata kwenye paji la uso. Damu ikamjaa machoni.

"Mwacheni!" Kristiana alipiga kelele. "Mwacheni, sijui kama ni yeye!" Hakuna aliyemsikia. Mwanamume mmoja alimsukuma akaangukia kwenye tope. Hapo akaona Mayunga anajaribu kuinuka, na panga linainuliwa.

Kristiana alikimbia. Hakusimama mpaka alipofika mezani kwa mama yake.

"Mama, wanamuua baba yake Scola! Ni kosa langu. Simu niliingilia mimi. Nilimwambia Timoth kaiba ng'ombe!"

Mama hakumpiga wala hakumuuliza zaidi. Alibonyeza laini ya kwanza, akawaita polisi, akawaeleza mahali. Taa ya meneja ilikuwa nyekundu. Mama akafunua kifuniko, akabonyeza. "Meneja, samahani, ni dharura. Mayunga anapigwa, watu wanadhani ng'ombe ni wa wizi. Chukua vibali vya ng'ombe wale twende."

Gari la kampuni lilipofika, Kristiana na mama yake wakiwa ndani, polisi walikwishafyatua risasi hewani na watu walikuwa wamerudi nyuma. Mayunga alikuwa hai. Mkono wa kushoto ulining'inia vibaya, na shati la kazi alilovaa lilikuwa jekundu kwa damu mpaka kiunoni. Nusu ya paa ilikuwa imeteketea.

Bwana Adolfu alinyanyua vibali. "Ng'ombe hawa wametoka Mtowisa. Ni wa mteja wetu. Huyu tulimwomba awachukue na kuwalisha kwa siku mbili tu! Tazameni chapa zao!"

Mzee Wilibrodi aliwapitia ng'ombe mmoja mmoja. Hakukuwa na maksai wake hata mmoja. Mpini ukamtoka mkononi. "Mwanangu aliniambia..."

"Mimi niliambiwa na Kristiana," Timoth, aliyekuwa nyuma ya baba yake, alisema huku analia.

Watu wote walimgeukia Kristiana. "Nilisikia wamesema kawachukua," alisema. "Neno 'kaiba' niliongeza mimi. Na simu yako, meneja, niliingilia mimi, si mama. Mama hakujua."

Polisi waliondoka na Mzee Wilibrodi na wenzake wawili. Mayunga alilazwa, mkono ukafungwa plasta, kichwa kikashonwa nyuzi kumi na moja. Ijumaa maksai wa Wilibrodi walionekana. Walikuwa wamevunja zizi wenyewe na kuteremka kuelekea Muze, ambako mkulima mmoja aliwafunga na kutoa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji.

Bwana Adolfu alimwomba mama radhi mbele ya wafanyakazi wote. Kristiana akakatazwa kuingia chumba cha simu.

Jumamosi majirani walikwenda kuezeka upya nyumba ya Mayunga. Kristiana alichota maji tangu asubuhi. Scola, bandeji kichwani, alipokea kila ndoo bila kumtazama.

"Scola, nisamehe," Kristiana alisema.

"Bado," Scola alijibu, akaenda zake.

Kristiana alilia njia nzima ya kurudi nyumbani. Mama alimwacha alie kwanza, kisha akamshika mkono.

"Hajakataa, amesema bado," mama alisema. "Utasubiri, na utaendelea kumsaidia hata kama hakutazami. Mimi kazini nasikia mambo ya watu kila siku, mwanangu, na hayatoki na mimi mlangoni, kwa sababu si yangu. Ukisikia nusu ya neno, hujasikia neno. Ukiliongezea la kwako, umetunga uongo, na mwenye fimbo hasubiri kuuliza. Tena kama ungeniambia ukweli Jumanne ile nilipokuuliza, mimi na meneja tungekueleza habari za ng'ombe wale, na mkono wa yule baba usingevunjika."

"Sitasema uongo tena, mama."

"Usiniahidi mimi," mama alisema. "Jumatatu asubuhi, simama mbele ya darasa, uwaambie wote kwamba baba yake Scola si mwizi."

Jumatatu, kabla mwalimu hajaita majina, Kristiana alinyoosha mkono.