Majivu ya Koleta

Maharage ya Koleta hayakuwahi kuliwa na fukusi. Kila mwaka alichanganya mbegu na majivu, akazifungia katika vyungu, kama alivyofanya mama yake, na bibi yake kabla ya hapo. Milima ya Upare ina ukungu mwingi. Asiyejua kutunza mbegu huishia kuzila.

Mwaka mmoja baada ya njaa kubwa, mbolea ya chumvichumvi ilifika katika kijiji chao cha ujamaa, juu ya Same. Kila nyumba kumi zilipata gunia moja. Mzee Tomaso, balozi wa nyumba kumi, hakuhangaika kutafuta ghala.

"Lipelekeni kwa Koleta," alisema. "Kwake hakiharibiki kitu."

Koleta alilipokea gunia kama aliyekabidhiwa mtoto wa mwenzake. Ndani mlikuwa na chembe nyeupe kama sukari. Aliona ukungu utazilowesha na wadudu wataziingia. Basi akachekecha majivu ya mekoni, akayachanganya na mbolea, akajaza vyungu vitatu. Vyungu vilipokwisha, nusu ya gunia ilikuwa bado. Alisema ataimalizia kesho.

Asubuhi mumewe, Aminieli, alitoka ndani akifikicha macho.

"Mke wangu, nani amekojoa mle ndani?"

"Labda ndama wako."

"Ndama nimemfunga nje! Tena naye anapiga chafya."

Koleta alifunua chungu. Harufu kali ikampiga puani, machozi yakamtoka. Aliogopa kwelikweli. Ile ilikuwa mbolea ya nyumba kumi, na watu walikuwa bado hawajasahau njaa.

"Funika," alinong'ona Aminieli. "Wagawiwe hivyo hivyo. Nani atajua?"

"Mahindi yatasema," alijibu Koleta. Akajifunga khanga, akaenda kumwita bwana shamba.

Bwana shamba aliitwa Asheri. Alikuwa kijana, na miguu yake ilikuwa imezoea milima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo unuse aibu yangu."

Asheri aliinama juu ya chungu, akarudi nyuma haraka.

"Hiyo ni amonia, mama. Ndiyo chakula chenyewe cha mahindi. Inakimbia."

"Inakimbilia wapi?"

"Hewani. Ndiko ilikoanzia."

Aminieli akacheka. "Mbolea itoke hewani? Basi tutandaze magunia tuikinge!"

"Usicheke, baba. Sehemu kubwa ya hewa tunayovuta ni naitrojeni. Mahindi yanaihitaji, lakini hayawezi kuila hivyo ilivyo. Imeshikana mno. Radi ikipiga, huiachanisha kidogo, na mvua huishusha shambani. Zamani wataalamu wa Ulaya waliiga radi. Walipitisha hewa katika moto wa umeme, wakapata mbolea. Lakini njia hiyo ilikula umeme mwingi sana."

"Sasa wanafanyaje?" aliuliza Koleta.

"Huichanganya naitrojeni na hewa nyingine nyepesi, haidrojeni. Huzibana kwa nguvu, katika joto kali, juu ya vipande vya chuma. Zikiungana, hiyo ndiyo amonia. Chuma chenyewe hakiliwi. Kinaharakisha kazi tu. Kinaitwa kichocheo."

Koleta alifikiri kidogo. "Basi ni mshenga. Anaunganisha watu wawili, kisha anarudi kwake vilevile alivyokuja."

"Hasa! Halafu amonia hunaswa kwa tindikali, ikawa chembe hizi nyeupe."

"Na majivu yangu?"

"Majivu ndiyo mfitini, mama. Yakikutana na chembe hizi penye unyevu, huifungua amonia, ikaenda zake."

Koleta aliketi. "Nimemfukuza bibi harusi kwa mikono yangu."

"Nusu iliyo kwenye gunia ni nzima," alisema Asheri. "Lifunge vizuri, uliweke juu ya mbao, mahali pakavu. Majivu yapeleke migombani, peke yake. Mahindi yakifika magotini, na udongo ukiwa na unyevu, chimbeni kishimo kando ya kila shina. Mbolea isiguse shina. Kisoda kimoja cha chupa kinatosha. Kisha fukieni."

Jumapili, baada ya kanisa, Koleta alisimama mbele ya majirani. Alisema yote.

"Iliyo nzima ni yenu, nyumba tisa," alimaliza. "Ile ya majivu nitaitumia kwangu."

"Na wewe utakula nini?" aliuliza Mzee Tomaso.

"Makande, yenye maharage mengi."

Watu walicheka kidogo, kwa huruma. Wakati ulipofika, Koleta alipita shamba kwa shamba na kisoda mkononi, akiwaonyesha.

Mahindi yalisema, kama alivyotabiri. Mashamba tisa yalikuwa ya kijani kibichi. Lake lilikuwa na mahindi mafupi yenye majani ya manjano, tena lilikuwa kando ya njia ya kwenda kwenye ndiva, bwawa la kumwagilia, ambako kila mtu alipita. Aminieli alianza kupita njia nyingine. Koleta hakubadilisha njia, lakini ilimuuma sana.

Msimu uliofuata, gunia jingine lilifika. Watu walikusanyika. Koleta alitazama chini.

"Lipelekeni kwa Koleta," alisema Mzee Tomaso.

Jirani mmoja, Dorkas, alikohoa. "Kwa Koleta tena?"

"Kwa nani mwingine? Sisi tumesikia habari ya majivu. Yeye ameiona shambani kwake kila siku akienda ndiva."

Dorkas aliinama, akashika pembe moja ya gunia.

Walipofika nalo, hawakumkuta Koleta mlangoni. Alikuwa ametangulia. Alikuwa migombani, akimwaga majivu yote ya mekoni.