Panzón Akataa Minyoo

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai yetu chungu na bibi, nilichimbua minyoo nyuma ya jiko kwa ajili ya Panzón, chura wangu. Alikuwa na kitambi kama cha diwani, na akiona mnyoo hakuwa na subira hata kidogo. Bibi Eulogia alisema huyo ndiye pekee katika mji wa Saladas asiyelalamikia chakula chake.

Jumatatu moja Panzón akaupa mnyoo mgongo. Jumanne vilevile. Jumatano nikamwekea nzi mnene, nzi akamtembelea puani bila kuguswa. Tumbo lake lilikuwa limegeuka jekundu. Niliogopa sana, kwa sababu nilijua jambo ambalo bibi hakulijua.

Jumapili iliyotangulia, bibi alipokuwa kanisani, jirani yetu Mzee Anselmo aliniita uani kwake. Alikuwa na mkanda wa jeshi, malengelenge yamemzunguka kiuno hata shati havai. Kwetu watu husugua malengelenge hayo kwa tumbo la chura aliye hai, ati chura anauchukua ugonjwa. Bibi alikwisha kunikataza kumwazima mtu yeyote Panzón. Lakini mzee alikuwa anatokwa na machozi kwa maumivu. Nikamwonea huruma, nikampelekea.

Basi Jumatano hiyo nilirudi kwake kwa siri.

"Mzee, Panzón hali chochote."

"Ndivyo inavyotakiwa, binti yangu. Ameuchukua ugonjwa. Yeye akifa, mimi napona."

"Na asipokufa?"

Mzee alijikuna shingo. "Basi ugonjwa utanirudia mimi. Mwache tu, mama."

Nilikwenda nyumbani nikilia. Nikisema ukweli, bibi atanikasirikia, na mzee ataona namtakia mabaya. Nikinyamaza, Panzón wangu anakufa.

Bibi alinikuta nimempakata. "Mwenzako ana nini?"

"Sijui, bibi."

"Hiyo sijui yako mbona ina machozi mengi hivyo, Delfina?"

Nikamweleza yote. Hakunifokea. Alivaa viatu vyake vya kanisani, akamfunika Panzón kwa kitambaa chenye maji, tukaenda kwa Daktari Mirta, anayetibu ng'ombe wa wilaya nzima.

Daktari alimgeuza chura taratibu. "Amegusana na kitu gani?"

Nilimtazama bibi anisaidie, naye akatazama dirishani. Ikabidi niseme mwenyewe, mbele ya mtu nisiyemzoea, kwamba nilimtoa kwa siri.

"Na huyo mzee alikuwa amejipaka nini?"

Nikaikumbuka ile harufu. "Spiriti na kafuri."

"Afadhali umesema. Ningehangaika na tumbo lake bure. Chura hanywi kwa mdomo, mwanangu, hunywa kwa ngozi. Huyu amenyweshwa spiriti."

Alimwosha kwa maji safi, akatuagiza tumwogeshe kwa maji ya mvua mara tatu kwa siku. Tulipotoka, bibi alipitia kwa Mzee Anselmo, akamkokota hadi zahanati kupewa vidonge. Mzee alinung'unika njia nzima kwamba wanawake wa siku hizi hawaheshimu dawa za wazee.

Siku nne nilimwogesha Panzón nikimbembeleza kama mtoto mchanga. Siku ya tano aliudaka mnyoo, nusura audake na ukucha wangu. Nilicheka hadi bibi akatoka jikoni kuona kulikoni.

Jioni Mzee Anselmo akaja, malengelenge yamekauka, shati amevaa. Alichutama mbele ya beseni la Panzón, akamtazama kwa muda mrefu.

"Wewe uko hai, na mimi napona," akamwambia. "Nami nilikuwa nakungoja ufe. Nisamehe, bwana."

Bibi alinivuta karibu yake. "Huruma yako kwa mzee siilaumu, Delfina. Kosa ni kumtoa kwa siri, kisha ukakaa siku tatu unamwona anadhoofika na jibu unalo. Mgonjwa asiyeweza kusema anakutegemea wewe useme kwa niaba yake, hata kama utaona aibu."