Mpenzi Namba Moja Ndani ya Kinanda

Jumamosi, tarehe saba Juni. Asubuhi hiyo mvua ilinyesha kidogo ikaghairi, na jua likatoka kama mtu aliyechelewa ibada.

Ndani ya ukumbi wa kanisa, kwaya ilikuwa imesimama midomo wazi, ikisubiri kinanda. Kinanda kikagoma.

"Kinasemaje?" aliuliza Shangazi, mwenyekiti wa kwaya, ambaye ndiye aliyemlea mpiga kinanda.

"Kumbukumbu imejaa," alijibu mpiga kinanda, kijana mrefu aliyeitwa Vidole. "Hakina nafasi ya kurekodi wimbo mpya."

Wimbo wenyewe ulikuwa wa kumwingiza bibi harusi. Bwana harusi alikuwa Vidole, na kwa kuwa mtu hawezi kuoa na kupiga kinanda kwa wakati mmoja, kinanda kilitakiwa kijipigie. Bibi harusi, fundi cherehani, aliketi benchi la mbele akishona pindo la gauni lake. Harusi ilikuwa Jumamosi inayofuata.

"Si uhamishie nyimbo kwenye flashi?" Fundi alisema.

"Hiki ni kizee, flashi hakiijui. Na nyimbo hizi ni za ibada. Nikizifuta, kesho mtaimba na nini?"

Fundi akainuka, akakisogelea kioo kidogo cha kinanda. Majina ya nyimbo yalijipanga, na kando ya kila jina ukubwa wake. Nyimbo za ibada zilikuwa vijipande tu. Lakini mmoja ulikalia nusu nzima ya kumbukumbu, kama mgeni aliyelala kitanda cha mwenye nyumba.

"MPENZI 1," alisoma taratibu.

Wanakwaya wakageuza shingo kumtazama Vidole.

"Hiyo achana nayo," Vidole alisema, haraka mno.

"Huyu namba moja ni nani?"

"Namba kinaweka chenyewe."

"Sijauliza namba. Nimeuliza mpenzi."

"Nitakuambia tukiwa wawili."

"Basi ifute tuendelee."

"Siwezi."

Fundi akakunja gauni, akatoka. Barazani aliomba kimoyomoyo: Ee Bwana, kama ni mwanamke, nionyeshe. Kama si mwanamke, nisamehe, ila nionyeshe kwanza.

Simu ikatetemeka. *Mpenzi rudi. Sivyo unavyofikiria.*

Akajibu: *Usiniite mpenzi mpaka nijue mimi ni namba ngapi. Gauni nalifumua leo.*

Simu ikaita. Shangazi.

"Mwanangu, njoo. Nimemwambia aupige huo wimbo wote tuusikie. Kama ni wa mwanamke, gauni tutalifumua pamoja, mkasi nitashika mimi."

Aliporudi, Vidole alikuwa amejiinamia, masikio yamemwiva. Akabonyeza.

Gra-ra-ra-ra-raa, kinanda kikatoka kwenye noti nene hadi nyembamba, kikarudi, kikapanda tena. Kisha mlio mmoja ukapinda, ukalia kama mbuzi anayekataa kamba, juu, chini, juu, bila kuchoka.

"Huyo mpenzi anaumwa?" aliuliza mwimbaji wa besi.

"Ni Fundi," Vidole alisema.

"Mimi?"

"Siku ya kwanza ulipokuja kutupima majoho. Nilikuwa narekodi, nikatoka kupokea simu. Ukaona vumbi, ukatoa kitambaa, ukapangusa kinanda chote huku kinarekodi. Niliposikiliza nilicheka peke yangu, nikarudia tena na tena. Hata jina lako sikulijua. Nikaandika tu MPENZI."

"Na huyo mbuzi?"

"Ni hili gurudumu la kupindisha sauti. Noti hazili nafasi, mlaji ni gurudumu. Likitikisika kidogo tu, kinanda kinaandika. Na wewe ulilisugua kama sufuria."

"Lilikuwa na nta ya mshumaa," Fundi alijitetea.

"Basi toa gurudumu, bakiza noti," Shangazi alisema.

"Nilijaribu, Shangazi. Ikasikika kama kitambaa cha mtu mwingine kinapangusa."

Kwaya ikacheka mpaka wengine wakakaa chini. Fundi hakucheka. Hasira ilikuwa inamtoka polepole, na aibu inaingia mahali pake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesemaje? Kwamba nilimpenda mwanamke kwa kumsikia akifuta vumbi?"

Fundi akakisogelea kinanda.

"Ifute," alisema kwa upole.

"Ndiyo wewe hiyo."

"Mimi ni huyu hapa. Hiyo ni kelele, na mimi nataka kuingia na wimbo."

Vidole akaweka kidole juu ya kitufe, kidole kikakataa kushuka. Fundi akaweka chake juu yake, wakabonyeza pamoja. Nusu ya kumbukumbu ikawa tupu.

Ndipo Fundi akawageukia wanakwaya.

"Ninyi ni mashahidi wangu. Jumamosi ijayo naolewa na mtu huyu, na gauni silifumui. Mbele za Mungu na mbele yenu naahidi: maadamu nina mikono, kinanda hiki nitakipangusa mimi, yeye akiwa ameketi hapa anasikiliza."

"Na gurudumu?" Shangazi aliuliza.

"Hilo nitalisugua zaidi."