Milio Mitatu

Kila alipokuwa akirudi kutoka shule, Nukta aliijua hali ya mama yake kabla hajavua viatu. Alisimama kizingitini akasikiliza kibodi. Ikienda mbio bila kusita, mambo ni shwari. Ikienda kidogo, ikanyamaza, halafu mama akashusha pumzi ndefu, basi kompyuta imegoma tena na kazi ya saa nzima imekwenda na maji.

Jina lake la daftarini lilikuwa jingine. Mama yake alikuwa mchapaji, na mtoto alipozaliwa mdogo kupita kiasi alimwita Nukta kwa utani, jina likamganda. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili na miguu mirefu iliyokuwa ikigonga kila meza, na bado aliitwa Nukta.

Kwa muda wa wiki tatu kibodi ilikuwa ikinyamaza mara kwa mara. Skrini iligeuka buluu, mistari ya maandishi meupe ikajitokeza, kisha kompyuta ikajizima na kujiwasha yenyewe. Siku nyingine faili lililohifadhiwa vizuri lilifunguka likiwa limejaa herufi zisizosomeka. Mama hakulalamika. Alisugua macho, akanywa maji, akaanza upya.

Kazi yenyewe haikuwa ya kuchezea. Katika shule ya jirani walikuwapo wanafunzi saba wenye uoni hafifu, na mama alikuwa akiwaandalia mitihani yao kwa herufi kubwa, kila moja kubwa kama kifungo cha koti, pamoja na michoro ya mistari minene. Ijumaa asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, karatasi zilitakiwa ziwe mezani kwa mwalimu.

"Mama, si umwite fundi?" Nukta aliuliza Jumanne.

"Nitamwita nikimaliza, mwanangu. Nikimwita sasa ataifungua, nami nitakaa mikono mitupu. Acha nijikongoje nayo hivi hivi."

Kesho yake shuleni, Nukta alimsimulia mwenzake wa dawati, mvulana aliyeitwa Profesa kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akisema "sijui".

"Hiyo ni kumbukumbu tu," Profesa alisema, akitafuna kalamu. "Ndani mna vikadi viwili virefu vyembamba. Kompyuta huweka humo kile inachokifanya wakati huo. Meno yake yakishika uchafu, inachanganyikiwa. Unavitoa, unayasugua meno kwa ufutio, unavirudisha. Dakika tano."

"Umewahi kufanya?"

"Nimeona ikifanywa."

Alasiri hiyo mama alitoka kwenda kununua karatasi. Nukta aliitazama kompyuta, akatazama mlango, akachukua bisibisi kwenye droo. Alichomoa waya wa umeme, akafungua ubavu wa kasha, na vumbi likamfanya apige chafya mara nne. Vile vikadi vilikuwepo kama Profesa alivyosema, vimesimama wima. Alivitoa, akayasugua meno yake mpaka yakang'aa, akavirudisha. Cha kwanza kiliingia kwa milio miwili midogo, tak, tak, vibanio vya pande zote mbili vikakishika. Cha pili kilikuwa kigumu. Alisukuma kikalia tak mara moja. Alisukuma tena, kikakataa, akaogopa kukivunja. Akakiacha.

Alipobonyeza kitufe cha kuwashia, feni ilizunguka na taa ikawaka, lakini skrini ilibaki nyeusi. Kompyuta ikalia mara tatu. Alijaribu tena. Milio mitatu. Akafunga kasha haraka, akafuta alama za vidole, akakaa na kitabu asichokisoma.

Mama alirudi, akabonyeza kitufe, akasikia milio mitatu. Akakaa kitini na bunda la karatasi mapajani.

"Haya," alisema kwa sauti ndogo.

Nukta aliona heri angemkaripia.

Fundi alifika Alhamisi saa nane, baada tu ya Nukta kutoka shule. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtaani wakimwita Bisibisi, na tangu alfajiri alikuwa akitengeneza kompyuta za zahanati. Mabega yalimlegea kwa uzito wa mkoba.

"Shikamoo, shangazi," Nukta alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nipe maji kwanza, halafu nionyeshe mgonjwa."

Akanywa bilauri nzima, akaisikiliza ile milio, kisha akamgeukia mama. "Imeanza lini?"

Mama alinyoosha kitambaa cha meza. "Jana."

"Kabla ya hapo ilikuwa nzima?"

"Ilikuwa inafanya kazi."

"Umeme umekatika siku za karibuni?"

"Jumatatu ulikatika."

"Kuna mtu aliyeifungua?"

"Nani aifungue? Humu tupo wawili tu."

Fundi alimtazama Nukta. Nukta aliangalia vidole vyake vya miguu. "Hapana," alisema.

"Milio kama hii huwa ni kumbukumbu, au ubao mkuu unaounganisha vyote, au umeme unaofika vibaya," fundi alisema huku akifungua kasha. "Kama ilikuwa nzima mpaka jana na hakuna aliyegusa kitu, vikadi haviwezi kujichomoa vyenyewe. Umeme ulikatika. Tuanze na umeme."

Basi akaanza na umeme. Alitoa boksi la chuma linalogawa umeme ndani ya kompyuta, akafunga la akiba alilokuja nalo. Milio mitatu. Akabadilisha kibetri kidogo cha duara. Milio mitatu. Akachomoa waya mmoja mmoja na kuurudisha. Saa kumi ikapita. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, na kila alipoinuka alishika kiuno. Nukta alimmulikia tochi. Kila waya uliochomolewa bure aliuona kama ameuchomoa yeye.

Mwishowe fundi aliketi chini, akaegemea ukuta. "Naona ubao mkuu ndio uliokufa. Nitaichukua kompyuta. Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitakuwa nimepata mwingine."

Mama alitikisa kichwa polepole. "Basi nikamwambie mwalimu. Wale watoto saba watasubiri muhula ujao."

Alikwenda kutafuta viatu vyake. Hakuwa na hasira hata chembe. Alikuwa amechoka tu, amechoka mpaka akavaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia asitambue.

Nukta hakuweza kuendelea kuficha. "Mama, niliifungua mimi," alisema. Baada ya neno la kwanza mengine yalifuata. Alisema yote: ufutio, vikadi, kile kigumu, alama za vidole alizozifuta.

Mama alisimama na kiatu kimoja mkononi.

Fundi hakumfokea. "Kile kigumu kililia mara ngapi?"

"Mara moja."

Fundi alichukua tochi, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa chuma. Upande mmoja wa kikadi ulikuwa umeinuka, si zaidi ya unene wa ukucha. Akaweka kidole gumba, akasukuma. Tak. Akabonyeza kitufe. Kompyuta ikalia mara moja, kwa kifupi, na skrini ikajaa mwanga.

Mama alikaa palepale alipokuwa. Nukta alidhani mambo yamekwisha, lakini fundi hakufunga mkoba.

"Hili limeisha. Lakini wewe, ulitaka kutibu nini? Mtu hafungui kompyuta nzima."

Nukta alimtazama mama. Mama akainamisha macho.

"Wiki tatu," mama alisema. "Imekuwa ikizimika na kuharibu mafaili kwa wiki tatu. Nilisema jana kwa sababu niliona aibu. Nimeikokota muda wote huo bila kukuita."

Fundi alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Leo nimezungushwa na watu wawili wenye adabu zao."

Alichomeka flashi yenye programu ya kupima kumbukumbu, akakipima kila kikadi peke yake. Cha kwanza kilipita nusu saa bila kosa. Cha pili hakikumaliza dakika mbili, skrini ikajaa mistari myekundu. Akakichomoa na kukiweka mezani.

"Hiki ndicho kilichokuwa kinakula kazi yako. Kimekufa kwa ndani, ufutio usingekisaidia. Kompyuta itakwenda polepole na kimoja, lakini itakwenda." Kisha akamgeukia Nukta. "Sikiliza. Kufungua bila ruhusa ni kosa, na kukosea kurudisha ni kosa, lakini hayo mawili ni ya dakika moja. Kilichonipigisha magoti alasiri nzima ni neno 'hapana'. Mashine haijui kusema, inalia tu. Nategemea watu waniambie. Mkinificha, natafuta pasipo na kitu. Na mimi ningevigusa vile vikadi mwanzoni, ila nilichoka nikafuata mlichosema. Sote watatu tumejifunza."

"Nisamehe, shangazi. Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe," mama alisema. "Na wewe nisamehe. Umejifunza kunyamaza kutoka kwangu."

Zilikuwa zimebaki kurasa kumi na moja. Nukta alisoma maswali kwa sauti, mama akachapa bila kuinua macho, wakihifadhi kazi kila ukurasa. Walilala mapema, wakaamka alfajiri, wakamaliza. Kabla ya kengele ya kwanza mwalimu alizipokea bahasha saba, akafungua moja, akaisogeza dirishani. "Hii wataisoma," alisema.

Walipotoka getini, mama aliuliza, "Umechoka?"

Nukta alifungua mdomo aseme hapana. "Ndiyo, mama. Sana."

"Na mimi pia. Basi tuwe tunaambiana hivi hivi, mwanangu, mapema, kabla jambo halijawa kubwa. Uchovu wa kazi unaisha ukilala. Uchovu wa kuficha hauishi."

Wakaenda polepole, bila kuharakishana.